Mwaka wa Kwanza wa Mtoto Shuleni

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na waalimu wa Masasi na Newala, kwa ajili ya Yubile ya miaka 100 ya Dayosisi



Nimeombwa niseme nanyi habari ya watoto wadogo, wale tunaowapeleka katika darasa la awali, ambalo wengi wetu huliita chekechea, na wazee wengine hata leo huliita shule ya vidudu. Huenda mtu akauliza: Je! katika sikukuu kubwa kama hii, tunapohesabu miaka 100 tangu Dayosisi ya Masasi ilipowekwa mwaka 1926, hakuna neno kubwa zaidi kuliko habari za watoto wasiojua hata kufunga vifungo vyao? Nami najibu ya kwamba Kanisa hili na nchi hii watakuja kuwa mikononi mwa watoto hao. Tukikosea kwao, tumekosea mahali ambapo kosa halionekani mpaka limekomaa.

Neno langu ni moja, nami nalisema mapema ili mlishike. Mwaka wa chekechea haukuwekwa ili kumfanya mtoto kuwa msomi. Umewekwa ili awe tayari kufundishwa. Mzazi anayedai kusoma kabla ya utayari huo humharibia mtoto wake. Na mzazi anayeudharau mwaka huo, akasema, "Wanacheza tu, atakwenda darasa la kwanza," humnyima mtoto wake kitu asichoweza kumrudishia kwa urahisi.

Jambo hili si geni kwetu. Askofu Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Na baada yake Padre Chauncy Maples na wenzake walifanya kazi Masasi na Newala. Mtu wa vijijini aliyetaka dini hakubatizwa siku ile aliyokuja. Aliwekwa kwanza kuwa msikilizaji. Alikaa, akasikia, akazoea kuwa pamoja na watu wa Mungu, wala hakuulizwa maswali magumu. Baadaye akawa mkatekumeni, ndipo akafikia ubatizo. Hakuna aliyesema ya kwamba msikilizaji anapoteza wakati. Basi, mtoto wa chekechea ndiye msikilizaji wa shule.

Tena wazee wetu wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua walijua tangu zamani ya kwamba mtoto hupandishwa hatua kwa hatua, kila hatua na mafundisho yake na watu wake wa kumshika mkono. Askofu William Vincent Lucas, Askofu wetu wa kwanza, aliona ya kwamba haifai kulibomoa jando lote, akalitia ndani ya malezi ya Kanisa. Ikiwa watu wetu waliweza kungoja wakati ufaao wa jando, kwa nini sisi tusiweze kungoja wakati ufaao wa kalamu?

Na huko Ulaya, Mjerumani Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo kwa lugha yake maana yake ni bustani ya watoto. Humo watoto waliimba, wakajenga kwa vipande vya mti, wakapanda mbegu. Sisi wakulima twalifahamu vema jina hilo. Mkorosho hauzai mwaka ule uliopandwa. Mwenye shamba hungoja kama miaka mitatu, naye hapiti kila asubuhi akauvuta mche juu ili urefuke upesi. Akiuvuta, atabaki na mche mkononi.

Hapa Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika elimu rasmi, na Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali kuanzia darasa la awali. Lakini baba na mama, ada kufutwa si kwamba mzigo wote umeondoka kwenu. Sare, madaftari na chakula cha mtoto vilibaki juu ya wazazi. Na mambo makubwa kuliko hayo, ambayo hayanunuliwi kwa fedha, ndiyo nitakayoyasema.

Kwanza yafaa mjue mtoto anafanya nini huko. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa mwaka 2016 ulitaja mambo sita: kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya yake, kutunza mazingira, stadi za kisanii, na mwanzo wa hesabu. Mwaona, kusoma na kuandika hakukuwekwa peke yake mbele ya vyote. Kumo ndani ya kuwasiliana, tena hatua zake za mwanzo tu. Vipindi ni vifupi, na mtoto hurudi nyumbani mapema. Hupanga korosho na mawe makumi kwa makumi, huchora mchangani, hufinyanga ng'ombe wa udongo, huimba, husikiliza hadithi, hunawa mikono, hungoja zamu yake. Haya yote huonekana kuwa mchezo. Lakini mkono uliofinyanga udongo ndio utakaoshika kalamu pasipo kutetemeka, kama vile wachongaji wetu wa Kimakonde walivyoanza kwa kuchezea vipande vya mti miguuni pa wakubwa wao. Na mtoto aliyezoea kungoja zamu ndiye atakayeweza kumsikiliza mwalimu wakati wenzake wengi wamo darasani.

Sasa nitawaambia mtakayoyaona nyumbani, ili msishtuke.

Katika juma la kwanza mtoto atalia. Wengine hulia siku moja, wengine mwezi. Asilaumiwe kwa kulia; hajawahi kuachwa na watu wasio wa ukoo wake. Nawaomba akina mama msitoroke kwa siri mtoto akiwa anatazama kando. Mtoto aliyetorokwa mara moja hushika nguo ya mama yake kwa nguvu zaidi siku ya pili. Mwage kwa maneno, mwambie utakuja wakati gani, kisha uje wakati ule ule. Hapo atajifunza somo la kwanza la shule, nalo ni kwamba neno la mkubwa ni la kweli.

Katika majuma yanayofuata huenda akachoka mapema, akalala kabla ya chakula cha usiku, au akakojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Ataleta nyumbani mafua ya wenzake, na pengine matusi ya wenzake. Mafua yatapita, na matusi yakemeeni kwa upole. Kisha mtasikia nyimbo. Atawaamuru kunawa mikono kabla ya kula, hata babu yake mwenye mvi ataambiwa, "Mwalimu amesema." Babu na anawe! Akikataa, mtoto atajua ya kwamba maneno ya shule ni ya shuleni tu.

Ikifika likizo ya Juni, mtoto wa kawaida ataweza kukaa na wenzake bila ya kugombana kila saa, kueleza anachotaka, na kusimulia jambo alilolifanya. Ikifika Desemba, atatambua jina lake likiandikwa, atashika kalamu, atahesabu vitu vichache kwa kuvigusa kimoja kimoja, naye atasikiliza hadithi mpaka mwisho. Basi. Akiweza zaidi, tumshukuru Mungu. Asipoweza haya yote, asiitwe mjinga. Watoto hawaoti meno siku moja, wala hawakomai akili siku moja. Lakini kama mtoto haitiki aitwapo kwa nyuma, au husogeza uso sana karibu na picha, msimpige kwa ukaidi. Mpelekeni hospitali atazamwe masikio na macho. Na mwenye mtoto mlemavu asimfiche ndani. Chekechea ni yake pia, tena yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kuizoea dunia akiwa bado mdogo, wakati wenzake hawajajifunza kumcheka.

Liko jambo moja la nchi yetu hii ambalo sharti nilitaje peke yake, nalo ni lugha. Watoto wengi wa vijijini hufika shuleni na Kimakonde, au Kiyao, au Kimakua, na Kiswahili chao ni kidogo. Katika shule moja ya upande wa Newala alikuwapo mtoto wa kiume aliyelelewa na bibi yake shambani. Alikaa darasani majuma mengi asiseme neno. Wenzake wakamwita bubu, na mwalimu akaanza kudhani ya kwamba akili yake imepungua. Siku moja yule bibi alikuja shuleni akaketi nyuma. Mwalimu alikuwa ametandika mbegu chini, anauliza majina yake kwa Kiswahili: mbaazi, kunde, karanga, njugu mawe. Mtoto kimya. Bibi akamwuliza kwa Kimakonde. Mtoto akazitaja zote, kisha akazitenga mafungu mawili pasipo kuagizwa: hizi hupandwa mvua zikianza, na hizi hupandwa baadaye. Hakuna mtoto mwingine darasani aliyeyajua hayo. Yule mwalimu alikuwa mtu mwenye busara. Alimwomba bibi aje kila Ijumaa awatolee watoto hadithi na vitendawili, na majibu yakasemwa kwa lugha zote mbili. Kabla ya mwaka kwisha, mtoto yule alikuwa anasema Kiswahili, naye ndiye aliyewaongoza wenzake katika nyimbo.

Basi, bibi zetu, msidhani ya kwamba kazi yenu imekwisha mtoto akivaa sare. Msimnyamazishe mtoto katika lugha ya nyumbani. Mwambieni hadithi kila jioni. Mtoto aliyeshiba maneno nyumbani huyapokea upesi maneno ya shule, kwa lugha yo yote. Wala msidanganywe na majivuno ya mtoto anayekariri maneno machache ya Kiingereza mbele ya wageni asiyejua maana yake. Kasuku naye husema.

Sasa nasema nanyi juu ya mambo ambayo huwatoa watoto wetu shuleni.

La kwanza ni njaa. Shule hufunguliwa Januari, wakati wa mvua, mahindi yakiwa bado shambani na ghala za wengi zimepungua. Mtoto wa miaka mitano akitoka nyumbani na tumbo tupu, hawezi kucheza wala kusikia, husinzia ukutani. Nanyi mnajua ya kwamba fedha ya korosho huja kabla ya hapo, minada ikianza mwezi wa Oktoba. Nawasihi, fedha hiyo ikifika mkononi, kabla ya kununua cho chote kingine, ondoeni sehemu ya mahindi na karanga kwa uji wa watoto, kila nyumba kadiri iwezavyo, mkaiweke pamoja. Nyumba moja haiwezi kulisha darasa; kijiji kizima chaweza.

La pili ni maji. Uwanda wetu ni nchi ya mchanga. Mvua hunyesha, maji yakazama, yakatokea chini kwenye chemchemi za bondeni. Bibi zetu walishuka na kupanda mtelemko ule na mitungi kichwani. Mabomba yalianza kuletwa uwandani katika miaka ya 1950, lakini vijijini kwingi kazi ya maji ingali nzito, nayo huwaangukia wanawake na watoto wa kike. Mama akiondoka alfajiri kwenda majini, huyu mdogo huachwa amshike mdogo wake zaidi, na shule inapita. Baba na kaka mna mikono. Kumpeleka mtoto shuleni asubuhi si kazi ya mama peke yake.

La tatu ni korosho zenyewe. Zikianza kuanguka, jamaa huhamia mashambani, na viti vya chekechea hubaki wazi. Najua ya kwamba korosho ndizo zinazotuvisha. Lakini kilo anazookota mtoto wa miaka mitano ni chache, na siku anazozipoteza ni nyingi. Tena ni siku za mwisho wa mwaka, wakati aliokuwa ameanza kushika. Ukoo unaohamia shambani uache mtu mmoja kijijini, shangazi au bibi, akae na wadogo wa nyumba tatu au nne. Na hapa nasema nanyi wajomba. Katika ukoo wetu neno la mjomba lina uzito. Mjomba anayeulizwa juu ya jando la mpwa wake, na aulize pia, "Mtoto amekwenda shule leo?" Akiuliza hivyo mara tatu, hakuna atakayethubutu kumzuia mtoto.

Mtu akisema, "Akikosa mwaka huu, ataanza darasa la kwanza tu," nitamwonyesha mtoto wa namna hiyo. Hufika darasa la kwanza hajapata kushika kalamu, hajui Kiswahili, anaogopa wageni, na wenzake wamekwisha pita hatua hizo. Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kumrudia. Mtoto hujiona mjinga, naye si mjinga. Amecheleweshwa na wakubwa wake. Mwaka wa pili huanza kutoroka, na mwaka wa nne tunamkuta njiani anauza karanga, tukasema, "Huyu hapendi shule." Alipendaje kitu ambacho tangu siku ya kwanza kilimwaibisha?

Nanyi waalimu wenzangu, nina maneno kwenu, na mnivumilie. Agizo la Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nanyi wengi mna watoto zaidi ya hao. Mzigo wenu twaujua. Lakini wingi wa watoto usiwafanye mgeuze chekechea kuwa darasa la kwanza dogo, watoto wakikaa asubuhi nzima wakiitikia irabu ubaoni. Watoeni nje chini ya mwembe. Watumieni wakubwa wa kijiji, kama yule bibi niliyemtaja. Jifunzeni salamu za lugha ya mahali mlipo. Mtoto aliyesalimiwa kwa lugha ya mama yake huacha kulia nusu saa mapema. Fimbo haina mahali hapa hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano akipigwa kwa sababu hakujua, hajifunzi alichokuwa hakijui. Hujifunza kuogopa mahali pale. Na mzazi akija kuwauliza habari za mtoto wake, msimjibu kwa haraka kama mdai. Mwambieni jambo moja jema aliloliona mtoto wake kuliweza, kisha mwambieni jambo moja la kumsaidia nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma aweza kusaidia sana akiambiwa la kufanya.

Tena siku za mahafali, msiwatoze wazazi fedha nyingi za majoho na picha. Sherehe na iwepo, watoto waimbe, wapewe uji na matunda. Mama maskini asimwondoe mtoto wake Novemba kwa aibu ya kukosa mchango wa sherehe.

Katika Maandiko twasoma habari za Hana, mama yake Samweli. Aliomba mtoto, akapewa, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo, akamkabidhi kwa kuhani Eli. Wengi hulikumbuka hilo peke yake. Lakini Maandiko yanatuambia jambo jingine dogo: kila mwaka Hana alimshonea mtoto joho dogo, akampelekea alipokwenda kutoa dhabihu. Mtoto alikuwa amekwisha mtoa, tena kwa Mungu mwenyewe, wala hakuacha kumshonea. Na fikirini, ili kushona joho lililomwenea, ilimpasa ajue mtoto amekua kiasi gani. Hakumtupa mikononi mwa Eli akasahau.

Hivyo ndivyo nionavyo kazi ya jamaa katika mwaka huu wa kwanza. Mtoto mmemkabidhi kwa mwalimu, lakini kila jioni mtizameni amekua kiasi gani. Mwulizeni leo ameimba nini, amecheza na nani, nani amemwonea, nani amemsaidia. Maswali hayo hayahitaji fedha wala elimu.

Mwisho nina ombi kwa parokia zote za Masasi na Newala. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na kufunguliwa kwa shule mwezi wa Januari, watoto wote wanaoanza chekechea na waletwe mbele ya altare, wabarikiwe kwa majina yao, na waalimu wao wasimame pamoja nao, na wajomba, na mabibi. Majina hayo yaandikwe na katekista. Ikifika Desemba tuyasome tena, tuone ni nani aliyepungua njiani. Na kama yuko aliyepungua, tusingoje mwaka upite, bali wazee wawili watembee hadi nyumbani kwake wakaulize sababu.

Bwana wetu aliwapokea watoto wadogo wakati wanafunzi wake walipotaka kuwafukuza kwa kudhani ya kwamba wanamsumbua. Basi tusiwe sisi wa kuwafukuza, wala kwa njaa, wala kwa korosho, wala kwa fimbo, wala kwa haraka yetu.

Nimesema. Mungu awabariki watoto wetu, awape waalimu wao subira, na sisi wazazi atupe moyo wa kungoja. Amina.